Nilivyocheka wapumbavu wa Erasmus mpaka siku ya posa ya dada

Ngoja nianze na sanamu, maana ndo ilinifanya mjinga kabla hata kitabu chenyewe sijakishika.

2012 nilipata nafasi ya kwenda kusoma masta Rotterdam kule Uholanzi, mambo ya bandari na usafirishaji, na mi mtoto wa Tanga, bandari tumezaliwa tunaiona, basi nikaenda kifua mbele utadhani naenda kuwafundisha wao. Sasa Rotterdam kila ukigeuka unakutana na jina moja tu, Erasmus. Daraja kubwa jeupe linaitwa Erasmus, chuo kikuu Erasmus, hospitali kubwa Erasmus, mi nikajua huyu lazima alikuwa tajiri wa meli. Halafu nje ya kanisa la Laurens ipo sanamu yake ya shaba, kazi ya Hendrick de Keyser ya mwaka 1622, mzee kavaa joho na kofia bapa, kashika likitabu kalifungua anasoma zake wala hamuangalii mtu. Mabomu ya Wajerumani Mei 1940 yaliufuta karibu mji wote wa katikati ila mzee akabaki. Mholanzi mmoja tuliyekuwa tunasoma naye akaniambia unajua huyu kila akisikia saa ya kanisa inagonga anafunua ukurasa mmoja. Mi nikasimama. Baridi hiyo, upepo wa mtoni unakata masikio, nasubiri saa igonge nione kama ndani kuna mashine au nini maana Wazungu huwezi jua. Saa ikagonga, mzee hajatikisika. Jamaa anacheka mpaka kashika magoti, "nimekwambia AKISIKIA!"

Nilinuna siku nzima. Ila ndo ikanipa hamu ya kujua huyu mtu ni nani hasa, na Jumamosi moja pale soko la Binnenrotte, ambalo lipo hapohapo jirani na kanisa, wanauza samaki na jibini na mitumba kama sisi tu, nikaona kwenye meza ya vitabu chakavu tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake, euro mbili. Sifa za Upumbavu. Nikasema hiki changu.

Kwa kifupi tu. Huyu bwana alizaliwa Rotterdam miaka ya 1460, mtoto wa nje ya ndoa, baba yake padri, wazazi wakafa kwa tauni yeye bado kijana, akaishia utawani na 1492 akapewa upadri, maisha ya utawa yakamshinda akawa mtu wa kuhamahama, Paris, London, Venice, Basel, anaishi kwa kalamu yake. Mji wenyewe wa Rotterdam aliuacha bado mtoto ila leo wamemng'ang'ania utadhani walikuwa wanakula naye sahani moja (na hilo nalo nina hakika angeliandikia ukurasa). 1509 alikuwa anatoka Italia kwenda Uingereza, safari ya farasi, njiani anawaza mambo, akafikia nyumbani kwa rafiki yake Thomas More pale London. Figo zinamuuma, vitabu vyake havijafika, hana pa kwenda. Akakaa akaandika, wiki moja hivi kikaisha, na 1511 kikachapwa Paris. Jina lake kwa Kilatini Moriae Encomium, na hapo ndo utani ulipo, maana kwa Kigiriki moria ni upumbavu lakini pia linasikika kama jina la mwenye nyumba. Yaani mtu kakukaribisha kwake, unakula chakula chake, unalala kwenye mashuka yake, halafu unaandika kitabu kinachosomeka Sifa za Upumbavu na hapohapo Sifa za More. Na mwenyewe akafurahi! Watani kweli hao.

Ujanja wa kitabu ni kwamba anayeongea si Erasmus, ni Upumbavu mwenyewe, mwanamke, kapanda jukwaani na kofia yake ya mchekeshaji anasema leo najisifu mwenyewe maana nyie nyote mnakula kwangu na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema asante. Anataja ukoo wake, baba yake ni Mali, walezi waliomnyonyesha ni Ulevi na Kutosoma, mashoga anaotembea nao ni Kujipenda, Kujipendekeza, Usahaulifu, Uvivu na wengine. Anasema bila mimi nani angeoa? mwanamke gani aliyeonja uchungu wa kuzaa angerudi tena leba kama si huyu shoga yangu Usahaulifu? urafiki gani ungedumu kama watu wasingefumbiana macho? Na wewe unasoma unasema mmh huyu mama anaongea ujinga, halafu unasema mmh hapa kweli, halafu hujui tena ni lini anatania na lini hatanii. Na huwezi kumkamata mwandishi, atakwambia si mimi ni yule mama mpumbavu, na ukikasirika umejitaja mwenyewe. Mbinu hiyo sisi tunaijua kwa Abunuwasi tangu utotoni, tofauti huyu kaiandika kwa Kilatini cha wasomi ili wenyewe ndo wachomwe.

Na anachoma kweli. Wanateolojia wanaobishana kama Mungu angeweza kuja duniani kwa umbo la boga, na je boga lingehubiri vipi. Watawa wanaohesabu mafundo ya kiatu na rangi ya mkanda utadhani ndo zitaulizwa kwanza siku ya hukumu, mmoja anajivunia hajawahi kugusa pesa miaka yote, alikuwa anavaa glovu pea mbili kwanza. Mapapa wazee wanaongoza vita, na hapo kila mtu alijua anasemwa Julius wa Pili, ambaye Erasmus alimuona kwa macho yake akiingia Bologna na jeshi 1506 kama Kaisari. Wasomi wanaosifiana wenyewe kwa wenyewe kwa barua, wewe mkubwa, hapana wewe ndo mkubwa, kama punda wanaokunana migongo.

Nilicheka jamani. Nilikuwa nacheka kwenye treni peke yangu watu wananiangalia. Na nikafanya kitu ambacho leo kinanipa aibu kuliko hata ile ya sanamu, nikachukua peni nyekundu nikawa naandika pembeni ya kurasa majina ya watu wa nyumbani. Kuna nakala moja ya kitabu hiki, 1515 kule Basel, kijana Hans Holbein aliichora vikatuni pembeni mwa kurasa na mpaka leo wameitunza, sasa mi badala ya vikatuni nikaweka ukoo. Penye Kujipenda nikaandika BABA MKUBWA. Penye wanaojivunia nasaba nikaandika BABA MKUBWA tena. Penye wajane wazee wanaojiremba nikamuandika shangazi fulani. Penye wasomi punda nikaandika jina la mwalimu aliyenipa alama ndogo. Kitabu kizima nikakijaza.

Desemba 2013 nikarudi nyumbani, masta ipo kwenye begi, na siku ya pili tu naambiwa wiki hii kuna watu wanakuja na posa ya mdogo wangu wa kike (sisi tunamwita dada kwa heshima ya jina, alirithi la bibi mzaa baba). Kutoka Dar kwenda Tanga kwa basi ni safari ya nusu siku, nikawa nasoma tena kile kitabu, na nakumbuka vizuri kabisa, tumepita Segera, wauza machungwa wa Muheza hawajaanza bado kukimbilia madirishani, nikafika pale penye mfano wa vinyago.

Pale Upumbavu anasema hivi, kwa maneno yangu: chukulia watu wapo jukwaani wanaigiza, huyu mfalme huyu mtumwa huyu kijana huyu mwanamke, akatokea mmoja akapanda kuwavua vinyago, eti watazamaji waone sura zenyewe, huyu mfalme ni mtu wa kawaida na huyu mwanamke ni dume, si atakuwa kaharibu mchezo wote? si anastahili kupigwa mawe atolewe nje kama kichaa? Na maisha ya watu ni nini zaidi ya mchezo huo huo, kila mtu na kinyago chake mpaka mwenye mchezo amwambie shuka. Mwenye hekima isiyo na wakati ni mpumbavu kuliko wote.

Nikapigia mstari. Nikaandika pembeni SAFI SANA. Nikanunua machungwa.

Siku ya posa. Wageni wamekaa jamvini, mshenga wao mzee mmoja mtamu wa maneno, upande wetu msemaji ni baba mkubwa maana baba yetu alishatangulia. Bibi kakaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango wa ndani. Mchezo ukaanza kama unavyoanza siku zote. Mshenga anasema tumepotea njia, tulikuwa tunapita tukaona ua zuri. Baba mkubwa anasema maua humu mengi, mmeona lipi? Watu wanacheka kwa adabu. Mshenga akashusha sifa za kijana wao, mcha Mungu, mchapakazi, na ana nyumba yake Chumbageni. Baba mkubwa akajibu binti yetu naye ametulia, hajui hata njia ya dukani, na mwaka huu kamaliza chuo.

Sasa ile nyumba ya Chumbageni Tanga nzima inajua ni ya marehemu baba yake kijana, warithi wapo sita na mirathi haijagawiwa. Na dada alikuwa hajamaliza, alikuwa na sapu mbili. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua vyote viwili. Mshenga anajua sisi tunajua, baba mkubwa anajua wao wanajua. Na mi nilikuwa najua kwamba wote wanajua, ndo kilichoniuma, nikaona hawa watu wazima wanadanganyana nini hapa, mambo ya ndoa yanataka uwazi.

Nikakohoa. Nikasema samahani wazee wangu, hiyo nyumba si ya urithi, mirathi si bado? Kimya. Baba mkubwa kanigeuzia jicho moja tu. Na mi badala ya kukoma, eti ili nisionekane naonea upande mmoja, nikaongeza, na sisi tuseme ukweli, dada hajamaliza chuo bado ana masomo mawili ya kurudia.

Nyie. Feni ilikuwa inasikika inavyozunguka. Mshenga kaanza kukusanya kanzu yake, mama ndani naskia kaangusha sinia, mjomba wa kijana kasema kwa sauti ya chini "kumbe tumekuja mahakamani." Nilihisi jasho linashuka mgongoni na bado kichwani najiambia nimesema kweli tupu, kosa langu lipo wapi.

Bibi akaamka. Namaanisha alikuwa kasinzia, au tulidhani kasinzia, akainua kichwa akamtazama mshenga akasema kwa sauti kubwa, "We bwana, mbona umekalia mahali pa mume wangu? Atakuja saa hizi atakuta hana pa kukaa. Mpeni chai mume wangu, katoka kazini, toka asubuhi hajala." Babu alifariki 1998. Watu wakatazamana. Bibi anaendelea, anamuuliza mshenga wewe ni mtoto wa nani, una mke, mbona umekonda hivyo mkeo hakulishi? halafu akaanza kulia eti nimeolewa hapa sijala pilau hata la siku moja, leteni pilau! Mshenga akashindwa akacheka, mjomba naye akacheka, mama akatoka mbio na sinia la pilau ambalo lilikuwa liletwe mwisho, watu wakanawa mikono, na mtu ukishanawa huwezi tena kuondoka kwa hasira. Baada ya kula baba mkubwa akasema tulikuwa tumefika wapi, mshenga akasema kwenye mahari, na hakuna aliyerudi tena kwenye nyumba wala sapu. Kilemba kikatajwa, mkaja wa mama ukatajwa, wakapatana. Leo wana watoto watatu. Wanaishi Chumbageni kwenye chumba na sebule ya ile ile nyumba, na sapu zote alifaulu.

Mi nilikuwa namsikitikia bibi. Jioni nikamkuta jikoni anachambua mchele kwenye ungo, nikamwambia pole bibi, leo ulichanganyikiwa kidogo. Hakuinua hata macho. "Nani kachanganyikiwa, mume wangu, mimi au wewe?"

(Bibi zetu mnajua wanavyotuita wajukuu waume.)

Nikakaa chini. Akasema ningefanyaje na we umeshawavua watu nguo sebuleni? Mtu mzima akivuliwa nguo hadharani hamsamehe aliyemvua hata akiwa kweli yuko uchi. Mimi kizee, wakinicheka napungukiwa nini? Nikabaki natazama ule ungo unavyorusha mchele. Nikatamani nimuelezee kile kitabu, nikamwambia bibi kuna Mzungu mmoja wa zamani aliandika maneno kama yako hayohayo, alisema bila upumbavu kidogo hakuna ndoa wala majirani. Akauliza, "Huyo alioa?" Nikasema hapana alikuwa padri. "Basi kaambiwa na mtu."

Hapo kumbe bibi kamgusa mzee wa watu penyewe, maana inasimuliwa kwamba Erasmus alipoona alivyochorwa na Holbein kwenye ile nakala, kachorwa kijana mzuri kakaa mezani, alisema angekuwa bado yuko hivyo angetafuta mke mara moja.

Usiku ule nikakifungua tena kitabu na tochi ya simu. Yale maandishi mekundu. BABA MKUBWA, BABA MKUBWA, shangazi, mwalimu, na pale penye vinyago SAFI SANA. Nikapekua kurasa zote, jina langu halipo hata mara moja. Erasmus alikuwa mkusanyaji wa methali, alianza na mia nane na kitu Paris mwaka 1500, mpaka anakufa zilikuwa zimepita elfu nne, na ipo moja ya mifuko miwili, kwamba kila mtu kabeba mifuko miwili, wa mbele una makosa ya wenzake na wa mgongoni una ya kwake. Sisi tumeshaisema kwa maneno matatu, nyani haoni kundule. Na yeye mwenyewe Erasmus alijua, ndo maana pale anapowacheka waandishi, wale wanaofuta wanaandika wanafuta tena, hawalali, macho yanakufa kwa ajili ya sifa za watu wawili watatu, anajicheka yeye. Ile sehemu mi nilikuwa nimeiruka, niliona inachosha.

Sasa msije mkadhani nimekuwa mtu wa kukubali kila kitu. Nilikosea upande wa pili pia, na hapa ndo nilipojifunza kumsoma mwenye nyumba, yule More, na sio mgeni wake Erasmus tu.

Miaka kadhaa baadae nilikuwa na kazi ya mkataba kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikaletewa karatasi nisaini kwamba mzigo umekaguliwa wakati haujakaguliwa. Nikajiambia ahaa, huu ndo mchezo, vinyago hivi, usiwe tena yule wa jamvini. Nikasaini. Wakaleta ya pili nikasaini. Ya tatu nikaenda nayo nyumbani nikalala nayo vibaya.

Huyu Thomas More, 1516 na yeye aliandika kitabu chake, Utopia, na ndani yake kuna mazungumzo kuhusu kama mwenye akili anafaa kumshauri mfalme, na mle More mwenyewe ndo anasema usije ukaingia kwenye mchezo wa kuchekesha na hotuba ya mwanafalsafa ukauharibu, bora unyamaze, cheza sehemu yako vizuri uwezavyo. Ni ule mfano wa Erasmus kabisa, ni kama walikuwa wanaulizana mezani. Na More mambo ya jukwaani aliyajua, inasimuliwa utotoni alipokuwa analelewa kwa Kardinali Morton alikuwa anaruka katikati ya waigizaji anajitungia sehemu yake papo hapo. Alipanda mpaka akawa Mkuu wa Sheria wa mfalme wa Uingereza, Henry wa Nane, 1529. Halafu mfalme akataka yeye ndo awe kichwa cha kanisa badala ya Papa, na 1534 watu wakatakiwa kula kiapo cha kukubali ndoa yake mpya na warithi wake. Na More hakupanda jukwaani kumvua mfalme kinyago! Hilo ndo lilinishtua nilipolisoma vizuri. Alikuwa ameshajiuzulu 1532, akanyamaza. Hakumtukana mtu, hakuhubiri, hakuwaambia walioapa kwamba wamekosea, alikataa tu yeye kuvaa kile alichopewa avae. Wakamfunga kwenye Mnara wa London zaidi ya mwaka, na Julai 1535 wakamkata kichwa, na wanasema ngazi za jukwaa lenyewe zilikuwa zinayumba akamwambia ofisa nisaidie kupanda, kushuka nitajijua mwenyewe. Mpaka pale anatania.

Erasmus yeye alikufa kitandani Basel, mwaka mmoja baada ya rafiki yake. Alipita katikati maisha yake yote, Wakatoliki wakamwambia wewe ndo umetaga yai, Luther, yule aliyejitenga na Roma, akaliangua, yeye akajibu mi nilitaga yai la kuku, aliyeangua kaangua ndege mwingine. Walutheri nao wakamuona mwoga. Baadae Roma ikapiga marufuku vitabu vyake vyote. Mi sijui nani kati yao alikuwa na akili zaidi, na nikiulizwa siku nina njaa nitasema Erasmus.

Ile karatasi ya tatu niliirudisha bila saini. Sikumripoti mtu, sikutoa hotuba, niliiweka mezani nikasema hii sitaweza. Mkataba ulipoisha haukuongezwa, nikakaa miezi saba nyumbani nauza vocha na kuchaji simu za watu. Baba mkubwa, yule yule wa Kujipenda mara mbili, ndo alinipa mtaji wa lile banda na hakuniuliza kwa nini.

Kuna kisa kimoja mle ndani nilikipita mara zote bila kuandika kitu pembeni. Anakitoa kwa mshairi wa Kirumi Horace. Mtu mmoja wa mji wa Argos alikuwa kachanganyikiwa kitu kimoja tu, anaenda ukumbi wa maigizo mtupu, anakaa peke yake kutwa nzima anacheka, anapiga makofi, anashangilia, anaona michezo mizuri ajabu na jukwaani hakuna mtu. Mambo mengine yote alikuwa mzima, mume mwema, rafiki mzuri, mtumwa akifungua chupa yake hakasiriki. Ndugu wakahangaika wakampa dawa akapona. Alipopona akawaambia, mmeniua jamaa zangu, hamjaniponya.

Bibi sasa hivi kachanganyikiwa kweli. Ilianza taratibu, chumvi mara mbili kwenye mchuzi, kisha majina, kisha siku moja mwaka jana niko nimekaa naye barazani akaniuliza babu yenu karudi? Mi nikadhani ni ule utani wake wa siku ya posa, nikacheka, nikamtazama, macho hayana utani. Nikamwambia kwa upole bibi, babu si alishafariki, toka 98. Akashika mdomo. Akalia kilio cha mtu aliyefiwa leo, anauliza kafa lini, mbona hamkuniita, nani kamuosha, na mi nimekaa pale na ukweli wangu mkononi sijui niuweke wapi. Kesho yake kasahau kila kitu isipokuwa macho yalikuwa bado yamevimba na hajui kwa nini.

Jumapili iliyopita nilikuwa Tanga. Magharibi imeshaingia, mama kaweka taa barazani, bibi kajifunika kanga miguuni, akanigusa goti.

"Babu yenu bado tu hajarudi?"

Nikamwambia yuko njiani bibi. Nimepishana naye pale kwenye kahawa, kasema mumuwekee chai.

"Kawaida yake," akasema, akajivuta pembeni kidogo kwenye jamvi, akaacha nafasi.